Ndoto Aliyotungiwa Mwalimu Clifford

Clifford hakuwahi kubonyeza simu yake akiwa na viatu miguuni. Popote alipokuwa, iwe juu ya mawe ya gati pale Sena yakiwa yamechomwa na jua, iwe kwenye matope ya soko la Mbita, aliinama kwanza, akavua ndala zake, akaziweka kando, ndipo akafungua mechi za siku hiyo. Watu walimcheka. "Nyamazeni, Mwalimu anaingia patakatifu," Jared, aliyekuwa akivua naye, aliwaambia vijana wa ufuoni, na wote wakavua kofia kwa mzaha. Clifford hakucheka wala hakukasirika. Katika kanisa lao la Roho, lile la kanzu nyeupe zenye msalaba mwekundu kifuani, hakuna anayesema na Mungu akiwa amevaa viatu, na yeye hakuona kwamba alikuwa akifanya jambo jingine. Hata baadaye alipoacha kubeti kabisa, miguu yake haikuacha. Simu ikilia, awe anapigiwa na nani, alivua viatu kabla ya kusema haloo.

Alizaliwa Mfangano, akavua samaki katika sehemu ile ya ziwa maisha yake yote, na boti yake aliiunda kwa mikono yake mwenyewe, ubao kwa ubao, pamoja na marehemu baba yake. Aliitwa Mwalimu, si kwa sababu alisimama mbele ya darasa, bali kwa sababu ya karama aliyokuwa nayo kanisani. Clifford alifasiri ndoto. Kila Jumapili kabla ya mahubiri, waumini walisimama mmoja mmoja wakasema walichokiona usingizini usiku wa kuamkia siku hiyo, naye akawaambia maana yake. Ilikuwa kazi yenye kanuni. Maji ni uhai. Kuku mweupe ni mgeni wa heri. Nyoka ni jirani. Na kubwa kuliko zote, ile ambayo hata watoto waliijua: kilio cha ndotoni ni kicheko cha mchana. Tena ndoto ilitakiwa isemwe ingali mbichi, kabla mwenyewe hajatia kitu kinywani. Aliyeota akanywa chai kwanza alikuwa ameiua.

Phelesia, mkewe, alikuwa mwotaji. Ndivyo walivyopatana. Yeye alikuwa binti wa wakulima wa Uriri, na mwaka mmoja kanisa lilifanya mkutano mkubwa huko kwao, wageni wakatoka hata visiwani. Siku hiyo Phelesia alisimama, akasema ameota amebeba moto kwenye kitambaa na kitambaa hakiungui. Kijana mmoja mwembamba kutoka Mfangano akamfasiria mbele ya umati wote. Phelesia hakuyakumbuka maneno yenyewe baadaye. Alikumbuka tu kwamba alijihisi kama nyumba ambayo mtu ameingia akafungua madirisha. Kabla ya mavuno walioana. Yeye aliota, Clifford akafasiri, na kwa miaka mingi hakuna kati yao aliyetaka kitu zaidi ya hicho.

Kubeti hakukuja na tamaa. Hilo Phelesia alilisema mara nyingi baadaye, kwa sauti ya mtu asiyetegemea kuaminiwa. Kulikuja na ndoto. Asubuhi moja alimwambia mumewe kwamba ameona jogoo mweupe amesimama juu ya paa la kanisa, na chini yake kuku wekundu wanakimbizana hovyo. Zamani Clifford angesema kanisa litapata mgeni. Lakini siku hiyo vijana ufuoni walikuwa wakibishana juu ya mechi ya Ulaya, timu yenye jogoo kwenye jezi yake nyeupe ikicheza na timu ya jezi nyekundu. Clifford aliwasikiliza akiwa anashona wavu. Kisha akamwomba Jared amwonyeshe jinsi inavyofanywa.

Alipata. Hazikuwa pesa za kumpeleka mtu mbali, lakini ziliezeka upande mzima wa kanisa uliokuwa ukivuja, na mabati yale mapya yaling'aa hata ukiwa ziwani. Waumini waliimba. Clifford alilia hadharani. Laiti angepoteza siku ile! Wengi waliopotea hawakupotezwa na kupoteza.

"Lakini Mwalimu," Jared alimwuliza siku moja wakipakua samaki, "si ni wewe ulituhubiria kamari ni dhambi? Ama ilikuwa dhambi ya sisi wengine tu?"

"Ni dhambi."

"Na hii yako?"

"Wacheza kamari wanabahatisha, omera. Mimi sibahatishi. Mimi naambiwa." Akaweka kikapu chini. "Mitume wenyewe walipiga kura kumpata wa kumi na mbili. Unafikiri ile kura iliangukia tu mahali?"

Jared alikuna kichwa. "Basi nisaidie. Jana nimeota nakula ugali na nyama, sahani imejaa mpaka inamwagika. Hiyo ni timu gani?"

"Hiyo si timu. Hiyo ni njaa."

Watu ufuoni walicheka wakapigana makofi, na Phelesia, aliyekuwa akianika dagaa wa omena hapo karibu, alicheka pia. Ilikuwa mara ya mwisho jambo lile kumchekesha.

Kwa maana swali la asubuhi lilianza kubadilika. Zamani Clifford alimwuliza, "Umeonyeshwa nini?" akasubiri. Sasa alitaka rangi. Wale watu walikuwa wamevaa nini? Waliotoka kushoto ni wangapi? Mto ulikuwa wa buluu au wa kijani? Phelesia alijikuta akiota kama mtu anayetazamwa. Usiku alilala akiogopa kuona kitu, na asubuhi aliogopa kusema hajaona chochote, maana siku hizo Clifford alifunga, akakaa bila kula mpaka jioni akiomba mkewe afunguliwe macho.

Na mikeka ilichanika. Mkeka ndivyo vijana wanavyoiita ile orodha ya mechi ambazo mtu ameziwekea pesa, na timu moja ikikuangusha, mkeka wote umechanika. Ya Clifford ilichanika wiki hii na wiki iliyofuata. Hakumlaumu Mungu hata siku moja. Alijilaumu yeye. Alisema amesoma vibaya, amechukua ishara ya kesho akaifanya ya leo, ameingia na moyo mchafu. Akaongeza maombi. Phelesia aliwajua waume wa wenzake walioharibiwa na pombe; wale, kadiri walivyozama, ndivyo walivyomkimbia Mungu, na mwanamke alijua pa kusimama ili amvute mtu wake. Huyu wake, kadiri alivyozama, ndivyo alivyozidi kumkaribia Mungu. Angemvuta kutoka wapi, ampeleke wapi?

Alikwenda kwa Mama Roselyn, kiongozi wa akina mama kanisani, akamkuta anafagia madhabahuni.

"Mama, nisaidie. Baba Valary anaisha."

"Mwombee, binti yangu. Ni maombi tu."

"Mama, ni hayo maombi ndiyo yanammaliza."

Roselyn aliacha kufagia. Akatazama juu, kwenye mabati yale, kana kwamba ameyasikia yakikohoa. Kisha akarudi kwenye ufagio wake. "Hatuwezi kumsimamisha mtu kwa karama aliyopewa," alisema, na hakumtazama Phelesia usoni.

Valary, binti yao, aliyekuwa akisoma chuoni Homa Bay, naye alijaribu. Alikuja likizo akakaa na baba yake mlangoni, akamweleza kwa upole. "Baba, hii kitu imepangwa. Ni kompyuta. Wamehesabu wewe upoteze."

"Na kompyuta imepangwa na nani?"

"Na watu, baba."

"Na watu wameumbwa na nani?"

"Yawa, baba! Sasa ukisema hivyo tutaongea nini?"

"Hatuna haja ya kuongea. Wewe umesoma, mimi nimeitwa. Kila mtu ashike njia yake." Alimpiga bega kwa upendo. Valary alirudi chuoni kabla likizo haijaisha.

Phelesia hakutaka mambo mengi. Alitaka simu itoke mkononi mwa mumewe na Mungu abaki. Aliogopa kumwambia kwamba hakuna aliyekuwa akisema naye, kwa sababu alijua mtu huyu amejengwa juu ya nini. Ukiung'oa msingi kwa sababu panya wameingia, nyumba itasimama juu ya nini? Hapo ndipo alipopata wazo ambalo kwake lilionekana la huruma. Kama ndoto ndizo zilizomwingiza humo, ndoto itamtoa. Alilikataa wazo hilo siku nyingi. Kusema uongo kuhusu ndoto ni kusema uongo kwa Roho mwenyewe, na dhambi hiyo kanisani kwao haikuwa na kitubio kinachojulikana. Lakini aliposikia kwamba mnunuzi wa Rusinga amekuja kuitazama injini ya boti, alikata shauri.

Asubuhi, kabla ya chai, alimwambia.

"Nimeota msiba hapa kwetu. Jeneza liko uani. Boti yako imefunikwa kifudifudi mlangoni, na simu yako iko juu ya jeneza, inalia na hakuna wa kuishika."

Alikuwa ameyapanga hayo peke yake, akayarudia moyoni alipokuwa akiteka maji. Yangetosha. Lakini Clifford alimtazama bila kusema, na ule unyamavu ukamtia Phelesia hofu kwamba haaminiwi. Mwongo asiyezoea huongeza chumvi. Akasema, "Na watu wanalia, Baba Valary. Wanawake wamejaa boma lote, wanalia mpaka sauti zinafika ziwani. Hata mimi nalia."

Clifford alisimama. Uso wake ulifunguka kama wa mtoto.

"Unalia?"

Phelesia alijua papo hapo alichokuwa amefanya.

"Wanalia mpaka ziwani," Clifford alirudia polepole. "Kilio cha boma zima! Phelesia, unajua hiyo ni kicheko cha namna gani?" Alizunguka chumbani, akihesabu kwa vidole. Jeneza ni sanduku, na sanduku ni hazina. Boti imefunikwa, maana kazi ya kuvua imekwisha, sasa ni kupumzika. Simu inalia juu ya hazina. "Imesemwa wazi hivi! Hata mtoto angeifasiri."

"Baba Valary, mimi niliogopa. Hiyo ndoto ilikuwa mbaya."

"Ukiota unaogopa. Ukiamka unashangilia. Umesahau?" Akamshika mikono yote miwili, akaifinya, na alikuwa na machozi ya furaha. Hakuwa amemshika hivyo tangu Valary alipozaliwa. Wakati huo ndio ulikuwa wakati wa kusema, na Phelesia aliupitisha akitazama mikono yake ndani ya mikono ya mumewe.

Clifford aliuza injini, kisha boti yenyewe, kwa yule mtu wa Rusinga. Pesa zote ziliingia kwenye mechi za mwisho wa wiki ile. Jumapili alasiri mechi ya kwanza tu iliuchana mkeka mkubwa, na ile midogo ikafuata mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyepiga kelele. Jared alikuja, akasimama mbali kidogo, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja matangani. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Kisha akaondoka.

Clifford alikaa chini karibu na vichanja vya omena, miguu mitupu mchangani. Hakuonekana mtu aliyevunjika. Alikuwa na kunyanzi katikati ya nyusi, kama fundi anayetafuta pale msumari ulipokosewa.

"Lile jeneza," alisema mwishowe, "lilikuwa la rangi gani?"

"Baba Valary."

"Kuna mahali nimesoma vibaya. Kama lilikuwa jeupe, basi nilipaswa kungoja wiki ijayo. Kumbuka vizuri. Lilikuwa rangi gani?"

Phelesia alitazama ziwa. Angeweza kusema jeupe. Angeweza kusema jeusi. Mtu angeenda kutafuta pesa nyingine, na ndoto nyingine ingetakiwa kesho asubuhi.

"Hakukuwa na jeneza."

"Ulisema lilikuwepo."

"Sikuota. Nilitunga. Nilitaka uogope uache."

Clifford alicheka, kicheko kifupi kisicho na ubaya. "Mtu hawezi kutunga kitu kama kile. Mdomo ulikuwa wako, maneno hayakuwa yako. Hata punda wa kwenye Maandiko aliwahi kutumwa aseme."

"Basi mimi ni punda?"

"Punda mzuri," alisema, na kidogo wote wawili watabasamu. Kisha tabasamu likamtoka usoni taratibu, kama maji yanayonywewa na mchanga. "Na zile nyingine?"

"Zipi?"

"Jogoo. Juu ya kanisa."

"Huyo nilimwota. Haki ya Mungu."

"Na mto? Na wale watu wenye nguo za njano?"

"Niliota. Zote niliota, ni hii tu."

Alimtazama kwa muda mrefu, na Phelesia aliona kwamba anamtafuta ndani ya macho yake na hampati. Ndipo akauliza kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayegusa jino linalouma, "Na ile ya Uriri? Moto kwenye kitambaa?"

"Clifford!" Hakuwa na desturi ya kumwita kwa jina. "Ile niliota. Ile niliota, naapa kwa mtoto wetu."

Aliitikia kwa kichwa. Akachukua ndala zake, akavaa, akaenda kuoga.

Hakubeti tena. Kanisa lilishangilia, Mama Roselyn alimtaja kwenye maombi ya shukrani kama kondoo aliyerudi. Hawakuelewa walichokuwa wakishangilia. Jumapili iliyofuata, waumini waliposimama na ndoto zao, Clifford alikaa mwisho wa benchi, akimsikiliza kila mmoja kwa adabu, na alipogeukiwa alisema, "Sijui." Wiki nyingine vilevile. Baadaye hakuenda. Watu wakaendelea kuota, wakabaki na ndoto zao, kama barua zilizofika nyumba iliyohamwa. Na asubuhi, nyumbani, hakumwuliza tena mkewe ameonyeshwa nini. Alimwuliza kama amelala vizuri.

Bila boti hakuwa na kazi kisiwani, na hakutaka kuvua katika boti ya mtu akiwa kibarua. Phelesia alikuwa akimuuzia omena mwanamke mmoja wa Kuria aitwaye Pauline, aliyezipeleka kuuza sokoni Migori. Mume wa Pauline, Mirumbe, alilima tumbaku kule Kehancha na alihitaji mtu wa kutunza moto kwenye banda la kukaushia majani. Clifford akaenda. Alituma pesa kila mwezi bila kukosa. Kwa mizani ya watu, alikuwa amepona.

Phelesia alikwenda kumwona baada ya majani ya kwanza kuvunwa. Alimkuta amekonda, vidole vimekolea utomvu mweusi wa tumbaku, anakohoa kikohozi kikavu alichosema ni cha moshi. Mirumbe, mzee mcheshi aliyewamwagia marehemu wazee wake togwa chini kabla ya kunywa yeye, alimsifu mbele ya wote. "Mama, mtu wako hana maneno. Na simu yenyewe hachezi nayo." Halafu, Clifford alipotoka, akainamia karibu. "Lakini niulize. Kwenu nyinyi mnaomba sana, sivyo? Vibarua wangu wote wakipewa chakula wanafumba macho. Huyu anakula tu. Mimi si wa kanisa, lakini mtu asiye na wa kumshukuru ananitia baridi."

Usiku huo Phelesia alilala kwa Pauline, na akaota. Hakuwa ameota kitu chenye maana tangu boti iuzwe. Alfajiri aliamka na ndoto ile imekaa kifuani nzima, yenye joto, na machozi yakamtoka kwa furaha: hii haikutungwa, hii angempelekea. Hakumjibu Pauline salamu. Hakuosha kinywa. Alivuka shamba lenye umande hadi kwenye banda, akamkuta Clifford anapuliza moto chini ya birika.

"Nimeota," alisema.

Clifford aliinua kichwa. Kwa kitambo kidogo kitu kilipita usoni mwake, na Phelesia akaliona lile dirisha la zamani likitikisika. Halafu akamimina chai kwenye kikombe cha bati, akatia sukari kama alivyojua anaipenda, akamnyooshea.

"Kunywa chai kwanza, Mama Valary. Umetoka na baridi."

Alishika kikombe kwa mikono miwili. Clifford alisubiri, si kwa ukali. Kwa huruma kama ya mtu anayemsaidia mwenzake kutua mzigo. Akanywa. Ilikuwa tamu.

Kikohozi hakikuwa cha moshi. Kabla mvua za vuli hazijaanza, Mirumbe alimpeleka hospitali huko Migori, wakamlaza, na Phelesia alikuwa bado njiani alipopewa habari kwenye simu kwamba hayupo tena. Walimzika Mfangano, upande wa boma unaotazama maji, na boma lilijaa wanawake waliolia mpaka sauti zikafika ziwani. Baadhi yao waliangaliana katikati ya kilio, maana waliijua kanuni na walijua haifanyi kazi mchana. Mhubiri alisema marehemu alishinda vita. Phelesia alikaa chini kwenye mkeka wa wafiwa, akasikia neno moja tu katika mahubiri yote, na lilikuwa neno lililosemwa Kehancha, asubuhi ile ya chai, Clifford alipomsindikiza mpaka barabarani kungoja boda.

Walikuwa wamesimama kando ya barabara. Pikipiki ilionekana mbali, ikipanda kilima na vumbi lake. Phelesia alimwambia amsamehe, au pengine alifikiria tu kusema, hakuwa na hakika. Clifford alimfunga kitambaa chake vizuri kichwani, kwa vidole vile vyeusi, akakirudisha nyuma ya sikio, na hakukuwa na hasira hata chembe katika sauti yake.

"Ungeninyamazia tu nilipouliza rangi ya jeneza, Mama Valary," alisema. "Boti ningeunda ingine."